Maswali ya Wasomaji: Viti vya Ngozi Vilivyochakaa

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu ngozi ya viti kwenye magari ya zamani. Zinazofanana tumezijibu kwa pamoja. Tafadhali usinunue kopo la dawa wala la rangi kabla hujasoma jibu la kwanza. Viti vingi vinavyofika mikononi mwa mafundi huwa vimeharibiwa na dawa isiyo yake kuliko vilivyoharibiwa na umri.

SWALI: Nina Mercedes W123 ya mwaka 1982. Aliyeniuzia aliapa kwamba viti ni ngozi halisi, na kwa macho vinafanana na ngozi kabisa. Fundi mmoja ameniambia ni reksini. Nitajuaje bila kuvichana?
Mwenye W123

JIBU: Huenda fundi huyo amesema kweli. W123 nyingi zilitoka kiwandani na MB-Tex, ngozi bandia ya vinaili iliyo imara kiasi kwamba hadi leo inawachanganya wanunuzi. Ngozi halisi ilikuwa ya kuagiza kwa nyongeza.

Sogeza kiti hadi mwisho wa reli, ingiza mkono chini, utafute ukingo ulipobanwa kwenye fremu. Ukigeuza ukingo huo, ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana ovyo, laini kama zimekwaruzwa. Vinaili inaonyesha kitambaa kilichofumwa au cha kuunganisha kwa mashine. Hapo ubishi umekwisha. Kama ukingo haufikiki, bonyeza kidole gumba katikati ya kiti: ngozi hukunja mistari midogo inayotawanyika kuzunguka kidole, vinaili hubonyea tu. Kile kipimo cha tone la maji kinachosifiwa sana hakifai hapa, kwa sababu ngozi ya magari nayo huwa imepakwa rangi juu na haifyonzi maji. Na usiwashe kiberiti. Utaacha alama ya kudumu kwa jambo ambalo ukingo ungekuambia bure.

Usishangae pia ukikuta vyote viwili kwenye kiti kimoja. Watengenezaji wengi waliweka ngozi pale tu mwili unapogusa, yaani sehemu ya kukalia na ya kuegemea, halafu ubavuni na mgongoni mwa kiti wakaweka vinaili ya rangi ileile. Jaguar nayo, kuanzia Septemba 1966, ilitoa Mark 2 za injini ya 2.4 na 3.4 zikiwa na Ambla, ambayo ni ngozi bandia. Tofauti hii ina uzito kwenye kazi. Krimu ya ngozi haiingii kwenye vinaili hata ukisugua kutwa, na rangi ya maji haishiki juu ya vinaili bila kutanguliza praima yake. Vinaili iliyopasuka kwa kukauka haina tiba, kwani vilainishi vilivyokuwa ndani vimeshatoka. Kipande hicho hubadilishwa.

Ukishathibitisha kwamba ni ngozi, pima mpako wake, yaani tabaka la rangi lililo juu yake. Chovya kijiti cha pamba kwenye asetoni, sugua mara tano mahali pasipoonekana. Rangi ikiyeyuka mara moja na kuganda kwenye pamba, ni mpako wa zamani wa selulosi, uliotumika sana kwenye magari ya Uingereza ambayo ngozi yake ilitoka kwa Connolly wa London. Ikififia tu na kutoka kidogokidogo, ni mpako wa baadaye. Pamba ikichafuka kwa uchafu mtupu na chini yake rangi ikawa imezama ndani ya ngozi yenyewe, hiyo ni ngozi iliyotiwa rangi bila kufunikwa. Hiyo usiipake chochote kabla ya kuonana na mtu anayeijua.

SWALI: Kiti cha dereva cha Jaguar Mark 2 yangu ya 1962 kina nyufa sehemu ya kukalia, na ule ukingo wa kuingilia umechubuka mpaka ngozi mbichi inaonekana. Viti vingine vizuri. Nimeambiwa nivalishe ngozi mpya gari zima. Je, hakuna njia nyingine?
Mwenye Mark 2

JIBU: Njia ipo, na tungependa uijaribu kwanza. Ngozi ya asili ikishatupwa hairudi, na ngozi mpya kwenye kiti kimoja haitafanana na viti vingine vyenye miaka sitini.

Lakini kwanza uijue hali yake. Shika ngozi pande mbili za ufa kwa vidole, uvute taratibu. Kama ndani ya ufa pamelala laini na ni rangi tu iliyokatika, kazi ni nyepesi. Kama unaona nyuzinyuzi za ngozi, ufa umeingia ndani, nao hujazwa. Kama ngozi inaendelea kuchanika unapoivuta kwa nguvu ndogo, kama karatasi iliyolowa, kipande hicho kimekufa na hakuna filla, yaani dawa ya kujazia nyufa, itakayokifufua. Soma jibu la kubadilisha kipande mbele.

Kwa kiti kimoja hadi viwili vya mbele, bila kubadilisha rangi, andaa: kisafishio cha ngozi cha maji, asetoni au kiondoa mpako, msasa wa namba 400 na 600, kiimarishi cha ngozi ml 100, filla laini ya ngozi ml 50, rangi ya ngozi ya maji ml 250, na mpako wa juu wa kung'aa kidogo ml 250 pamoja na hadena yake, ile dawa ya kuugandisha. Kubadilisha rangi, hasa kutoka nyeusi kwenda krimu, hula rangi karibu mara mbili. Ongeza sifongo laini, brashi ya manyoya laini, vitambaa vyeupe vingi, na bunduki ndogo ya kupulizia yenye tundu la mm 0.5 hadi 0.8.

Toa kiti nje ya gari kama boliti za reli zinakubali. Fyonza vumbi kwenye mishono, kwa sababu chembe za mchanga zilizojificha humo ndizo zinazokata uzi. Safisha kwa povu peke yake, si kwa maji: minya kisafishio kwenye sifongo, kiumuke, pakaza, sugua kwa brashi kwa kuzungusha, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kabla povu halijakauka. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usitumie sabuni ya kufulia, ya vyombo, wala dawa yenye amonia. Ngozi iliyotengenezwa hukaa upande wa tindikali, pH kati ya 3.5 na 5 hivi, na sabuni kali huisukuma upande wa pili. Nyuzi zake hudhoofika na baadaye hukakamaa. Acha ikauke usiku kucha kivulini.

Siku ya pili ondoa mpako wa zamani. Lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, kikamuliwe kisidondoke, sugua kipande kimoja kimoja huku ukigeuza kitambaa kila kinapochafuka. Lengo lako ni kuondoa mng'ao na matabaka ya krimu za miaka yote. Huna haja ya kufika kwenye ngozi tupu. Ukiona nyuzi, umezidisha. Vaa glavu, fungua milango na madirisha, na usiwe na moto wala sigara karibu. Kazi hii inachosha na watu huiharakisha, na hapo ndipo rangi nyingi zinazobanduka baada ya miezi mitatu zilipoharibikia. Rangi haikuwa na kosa. Ilipakwa juu ya nta.

Piga msasa wa 400 kwenye kingo za nyufa tu, mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe, kisha 600 kulainisha. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti. Ule ukingo uliochubuka, ambao nyuzi zake zimesimama, upake kiimarishi kwa sifongo. Ni majimaji mepesi yanayozama na kuzifunga nyuzi. Piga mikono, yaani matabaka, mitatu hadi sita myembamba, kila mmoja ukauke, halafu msasa wa 600 tena. Bila hatua hii filla itashika nyuzi zilizolegea, na siku zikichomoka zitaondoka nayo.

Sasa filla, na hapa tunaomba usikivu. Ufa ujazwe ukiwa wazi. Ukiujaza kiti kikiwa kitupu, umefumba. Mtu akikaa, ngozi inavutika, ufa unafunguka na filla inakatika katikati. Bonyeza au pinda ngozi kwa mkono mmoja ili ufa ufunguke, ingiza filla kwa kisu cha plastiki, kwangua yote iliyobaki juu. Tabaka liwe jembamba. Subiri dakika 20 hadi 30, rudia. Nyufa za kawaida huhitaji mikono mitatu hadi mitano. Usithubutu kuweka puti ya bodi ya gari. Hiyo hukakamaa kama bati na itatoka vipandevipande siku ya kwanza kukaliwa. Pia usitarajie kufuta kila mstari. Kiti cha 1962 kikiwa laini bila mkunjo hata mmoja kinaonekana cha uongo, na filla nene iliyotafuta ulaini huo ndiyo inayopasuka mapema.

Rangi: mkono wa kwanza kwa sifongo, ukiisukuma ndani ya mikunjo na karibu na mishono ambako bunduki haifiki. Kausha kwa draya, hewa ya vuguvugu ambayo mkono wako unaivumilia. Kisha pulizia mikono mitatu hadi mitano kwa mgandamizo wa baa 1.5 hadi 2, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye ngozi, kila mkono mwembamba kiasi kwamba unadhani hautoshi. Rangi ikionekana inalowesha, umezidisha. Kama huna bunduki, sifongo peke yake inaweza kumaliza kazi kwenye ngozi yenye vinyweleo vingi. Kwenye ngozi nyororo itaacha michirizi.

Malizia na mpako wa juu, mikono miwili hadi mitatu. Hadena pima kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, usikadirie kwa macho: ikipungua mpako unabaki unanata, ikizidi unakuwa mkavu na kuvunjika. Changanya ya kutumia siku hiyo tu, uvae glavu na barakoa ya kemikali, kwani hadena hizi hazifai kuvutwa puani. Mng'ao wa kiti cha zamani ni wa wastani. Mpako wa kung'aa sana utaifanya ngozi yako ionekane vinaili. Usikikalie kiti kwa saa 24, na usikisafishe kwa wiki nzima.

SWALI: Nilifuata ushauri wa kupaka mafuta ya kwato za ng'ombe ili ngozi ilainike. Ililainika, ikawa nyeusi zaidi. Nimepaka rangi juu, inabanduka kwa ukucha, na mahali pengine imejikusanya ikaacha vishimo vya duara. Nifanye nini?
Mwenye Triumph TR4

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili. Kubanduka kunatokana na mafuta ya kwato. Vishimo vya duara ni silikoni, bila shaka kutoka kwenye dawa za kung'arisha dashibodi, ambazo rangi ya maji huzikimbia.

Ondoa rangi uliyopaka, yote, kwa kiondoa mpako. Kisha futa ngozi kwa nafta, ile ya kujazia laita za utambi, kitambaa kipya kila mara: pitisha, acha sekunde chache, futa kwa kitambaa kikavu kabla haijakauka, la sivyo mafuta yanarudi palepale yalipokuwa. Tahadhari za moto ni zilezile za asetoni. Kwa mafuta yaliyozama, nyunyiza poda ya talki au udongo mweupe wa kufyonza mafuta, tabaka la nusu sentimita, funika, acha usiku kucha, fyonza. Rudia mpaka poda itoke kavu. Inaweza kuchukua wiki, kwa kuwa mafuta hupanda polepole kutoka chini, na ngozi ikipata joto hupanda mengine. Jaribu rangi kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, ikauke siku mbili, bandika utepe wa gundi na uuchomoe kwa ghafla. Rangi ikibaki ilipo, endelea.

Mafuta ya kwato yana kazi yake kwenye hatamu, matandiko ya farasi na viatu vya kazi. Kwenye kiti kilichopakwa rangi hayapiti juu. Hupenya kwenye nyufa na matundu ya sindano tu, yakasambaa chini ya mpako na kuusukuma kutoka ndani. Wakati huohuo hulegeza ngozi pale pale inapovutwa zaidi, kwenye mshono.

SWALI: Mshono wa kuegemea umefumuka sentimita 20, na karibu yake kuna tundu la ukubwa wa sarafu lililotokana na moto wa sigara. Ngozi yenyewe nzima. Naweza kushona bila kuvua kiti?
Mwenye Volvo 1800S

JIBU: Mshono unaweza, kwa sindano iliyopinda na uvumilivu. Tumia uzi wa poliesta ulioungwa, si pamba wala nailoni ya nguo. Poliesta huvumilia jua kuliko nailoni, na pamba huoza. Kwa mshono wa ndani Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi) inatosha. Mshono wa pambo unaoonekana huhitaji unene wa Tex 135 ili ufanane na wa zamani.

Pita kwenye matundu yaleyale ya zamani. Hili halina mjadala. Ukitoboa mapya katikati ya yaliyopo, umetengeneza mstari wa kuchania, na ngozi itakatika hapo hata kama uzi ni wa chuma. Kabla ya kuanza, jiulize kwa nini uzi ulikatika. Kama ni kwa kuoza na jua, sawa. Kama ngozi imesinyaa na kuvuta, ukishona kwa nguvu utahamishia mkato kwenye ngozi. Legeza kwanza pete za kubania chini ya kiti, upate nafasi, ndipo ushone. Anza mishono mitatu ndani ya sehemu ambayo bado imara, pande zote mbili, ufunge kwa kurudi nyuma.

Kwa tundu: kata kwa wembe nyuzi zilizoungua, kingo ziwe za mviringo bila pembe, maana pembe ni mwanzo wa mchaniko. Kata kiraka cha turubai nyembamba ya pamba kinachozidi tundu kwa mm 15 hadi 20 kila upande, nacho kizungushwe pembe. Kikunje, kiingize kwa kibano, kikunjue ndani kilale gorofa kati ya ngozi na sponji. Paka gundi laini ya ngozi kati ya kiraka na ngozi kwa kijiti, bonyeza, weka uzito saa moja. Kisha jaza filla kidogokidogo mpaka iwe sawa na uso. Gundi zile za kushika papo hapo ziache kabisa. Huganda ngumu na ukingo wake huwa wembe ndani ya ngozi.

Ili kiraka kisionekane, chapa vinyweleo, ile michoro midogo ya uso wa ngozi: filla ya mwisho ikiwa bado laini kidogo, kandamiza kipande cha silikoni ulichokwisha kukipigia chapa kutoka sehemu nzuri ya kiti hichohicho. Jicho hukamatwa na uso mtupu usio na vinyweleo kabla halijaona tofauti ya rangi.

SWALI: Rangi ya asili nimeipata kwa namba, lakini iliyoletwa ni tofauti na viti vyangu. Nani amekosea?
Mwenye Rolls-Royce Silver Shadow

JIBU: Hakuna aliyekosea. Viti vimepauka, au ni vichafu, au vyote. Safisha kwanza, ndipo utafute rangi. Ya kweli imejificha chini ya mto wa kiti cha nyuma, ndani ya mkunjo wa kuegemea, au nyuma ya sehemu ya kuwekea mkono. Kisha amua: kama unapaka viti vyote, fuata rangi ya mafichoni. Kama ni kiti kimoja, fuata rangi ya majirani zake walivyo leo.

Kuchanganya, tia matone na uandike kila tone, kwa ml 50 kwanza. Rangi ya maji ikiwa mbichi huwa nyeupenyeupe na hukolea ikikauka, kwa hiyo paka doa kwenye kiti chenyewe, kausha kwa draya, tazama kivulini wakati wa mchana, si chini ya taa. Krimu ikihitaji kushushwa, tumia kahawia au njano ya udongo. Nyeusi huigeuza kijivu na huwezi kuirudisha. Changanya ya kutosha kazi yote kwa mara moja. Na unapopaka, ishia kwenye mshono. Rangi mpya ikiishia katikati ya kipande, mpaka wake utaonekana hata na asiyejua gari.

SWALI: Kiti cha MGB yangu kinazama katikati, na ngozi imeanza kupasuka palepale. Nianze na ngozi au na chini?
Mwenye MGB ya 1965

JIBU: Anza na chini, bila kusita. Ngozi haikuundwa kubeba uzito wa mtu. Kinachobeba ni springi au mikanda ya raba, na juu yake sponji. Vikilegea, uzito wote unaning'inia kwenye ngozi na mishono, na hapo hakuna filla itakayodumu.

Geuza kiti. Mikanda ya raba ya aina ya Pirelli, iliyotumika kwenye magari mengi ya miaka ya 1960, ikizeeka hurefuka na kupasuka kingo. Mipya hukatwa mifupi kuliko nafasi yake kwa asilimia 7.5 hadi 10, ili ifungwe ikiwa imevutwa. Ukiifunga bila kuivuta, kiti kitazama siku ileile; ukiivuta kupita kiasi, ndoano zitararua kingo zake. Sponji ya zamani ya mpira wa asili ikibonyezwa huanguka unga wa njano. Hiyo haina la kufanya ila kubadilishwa. Mpya iwe ya uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa mita ya ujazo, na usichague ngumu zaidi ukidhani ndiyo bora, kwa sababu itasukuma mishono kwa nje. Weka kitambaa cha gunia kati ya springi na sponji, springi isiile sponji, na tabaka la pamba ya poliesta la mm 6 hadi 12 juu, ngozi ijae na kuteleza inapovalishwa.

SWALI: Gari lilikaa limefunikwa msimu mzima wa mvua. Viti vimeota ukungu mweupe na harufu haiishi.
Mwenye Rover P5

JIBU: Toa gari nje, vaa barakoa, fyonza ukungu ukiwa mkavu, ukiusugua kwa kitambaa chenye maji unaupanda. Futa kwa spiriti ya asilimia 70, ukijaribu kwanza mafichoni kwa sababu hulegeza mpako wa selulosi. Usianike viti juani kutwa nzima. Ngozi yenye unyevu ikipigwa na joto kali husinyaa na haivutiki tena. Hewa inayopita ndiyo dawa. Harufu isipoisha, haiko kwenye ngozi. Inua zulia, shika sponji na gunia chini, kagua matundu ya kutolea maji kwenye milango. Turubai isiyopitisha hewa iache kabisa.

SWALI: Viti vya gari letu la miaka ya 1930 vinatoa unga mwekundu unaochafua nguo. Krimu haisaidii.
Wenye gari la familia

JIBU: Huo ni uozo mwekundu, unaozipata hasa ngozi zilizotengenezwa kwa magome ya miti. Tindikali imevunja nyuzi zenyewe, na hakuna kinachozirudisha. Wahifadhi wa makumbusho huzituliza kwa haidroksipropili selulosi, asilimia 2 ndani ya spiriti, ikipakwa kwa brashi laini. Unga unashikwa na ngozi haichafui tena, lakini nguvu hairudi. Gari likiwa la kutazamwa, fanya hivyo. Likiwa la kuendeshwa, vua ngozi hiyo nzima nzima, ihifadhi kama kielelezo cha mishono na vipimo, uvalishe mpya. Maji na krimu visiiguse, kwani huifanya iwe nyeusi na kukatika.

SWALI: Kipande kimoja cha kukalia kimekufa. Naweza kununua ngozi kidogo na kubadilisha hicho tu?
Mwenye Mercedes W108

JIBU: Unaweza, na ni uamuzi mzuri. Ngozi nzima ya ng'ombe ina mita za mraba 4.5 hadi 5 hivi, kwa hiyo uliza nusu au robo, unene wa mm 1.0 hadi 1.3. Nyembamba zaidi itavutika, nene zaidi haitakunjika kwenye mshono.

Fumua kipande cha zamani kwa wembe, ukikata uzi na si ngozi. Kabla ya kukitoa, chora alama za chaki zinazovuka mshono kila sentimita 5, upande wa kipande na upande wa jirani yake, la sivyo hutajua kinapoungana. Usikitumie kama kilivyo kuwa kielelezo: miaka imekivuta katikati. Kilaze juu ya karatasi ngumu, ulinganishe na kipande cha kiti cha pili kilichogeuzwa, ukate katikati ya vipimo hivyo viwili. Acha mm 10 za mshono.

Kata kutoka mgongoni mwa ngozi, karibu na uti, palipo imara. Tumboni na karibu na miguu huvutika ovyo, pafae kwa sketi za ubavuni tu. Vuta ngozi kwa mikono kila upande. Upande unaovutika kidogo uelekee kushoto na kulia kwa kiti, si mbele na nyuma. Makovu ya kupe na michubuko ya miiba yazungushie chaki kabla hujaweka kielelezo, maana yakishapakwa rangi huyaoni mpaka kiti kimevalishwa na kuvutwa.

SWALI: Nimemaliza kazi. Nitavitunzaje?
Wasomaji kadhaa

JIBU: Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba chenye unyevu kila wiki mbili, hasa ukingo wa kuingilia. Krimu ya maji isiyo na silikoni mara tatu au nne kwa mwaka inatosha. Ikizidi hukaa juu na kukamata vumbi, na vumbi ni msasa. Weka kinga ya jua kwenye kioo cha mbele kila unapoegesha. Rangi ya jinzi mpya ifutwe siku hiyohiyo, kabla haijazama kwenye mpako. Wino wa kalamu usiuguse kwa spiriti, kwani spiriti itaondoa wino pamoja na rangi uliyoihangaikia. Jaribu povu la kisafishio kwanza, na usipotoka, paka doa la rangi juu yake kwa ncha ya sifongo. Kwa hiyo kopo lako lililobaki lifunge vizuri, uandike tarehe na mchanganyiko, ulihifadhi mahali pasipo na joto.